Nipo

Saa kumi na nusu, Mtwara bado imejifunika.
Nachomoa waya ukutani, naliachisha gari ziwa.
Vijiti tisa. Vilikuwa kumi na viwili
liliponunuliwa jipya na mtu wa Nagoya nisiyemjua,
aliyeniachia kiti cha nyuma unywele mmoja mweupe
na sauti ya mwanamke ndani ya dashibodi.

Haongei Kiswahili. Mwaka mzima sasa
kila tukikata kona ya Mikindani ananiambia jambo,
kwa adabu, kama mkwe,
nami naitikia, "Haya, bibie."

Fundi Chilumba wa Chuno alifunua boneti,
akachungulia, akafunika.
"Halina moshi, halina mlio.
Sasa likikasirika utajuaje?"

Kilomita mia na ushee kwenda Lindi,
mia na ushee kurudi, siku tano kwa wiki.
Nimeomba uhamisho mara tatu.
Barua ya tatu imejibu kama ya pili:
suala lako linashughulikiwa.
Ningehama mimi, ila mama
anaijua nyumba ya Chikongola kwa vidole:
mlango, kabati, ndoo, mlango.
Ukimtoa pale, umemzimia taa.

Basi naendesha. Au tuseme, tunaendesha.
Tukiipita Mpapura nabonyeza kitufe cha buluu
na usukani unaanza kujua mambo,
unajisogeza kidogo kidogo kati ya mistari miwili
kama mkono wa mtu anayeshona huku anaongea.
Lori la korosho likipunguza mwendo, nasi tunapunguza.
Likichomoka, tunaliacha.
Hatuna haraka ya kufa.

Ila halipendi kuachwa peke yake.
Nikilegeza vidole, nikianza kuwaza ada ya Nassoro,
linapiga kengele: ting.
Nikichelewa: ting, ting,
na yule bibie anapandisha sauti.
Nilimsikilizisha kijana mmoja aliyesoma huko,
akacheka: "Anakwambia ushike usukani."
Mimi nilishatafsiri zamani:
Upo?
Naugusa tu, kama unavyomgusa mtu bega.
Nipo.

Karibu na Mnazi Mmoja rangi ya barabara imeliwa
na jua na matairi. Hapo gari linakiri.
Taa ya kijani inageuka kijivu,
usukani unanirudia mikononi, mzito, wangu.
Kazini natunza ramani za mashamba,
nimeona watu mpaka ukifutika:
mapanga, mahakama, ndugu wasiozikana.
Hili linasema tu, sioni, shika wewe.
Naliheshimu kwa hilo.
Nimefanya kazi chini ya wakubwa wasioweza.

Lindi, nyuma ya masjala, mlinzi Nandonde
ameniachia soketi. Nanunua luku, anabonyeza namba.
"Dada Somoe, mgonjwa wako tayari yuko kwenye dripu."

Jumanne umeme ulikatika saa nne asubuhi
ukarudi jua limezama.
Nilitoka Lindi saa tatu usiku na vijiti vinne,
bila redio, bila kiyoyozi, vioo wazi,
harufu ya maua ya mikorosho ikiingia na kutoka.
Mwendo wa baiskeli yenye mzigo.
Mikindani kikabaki kimoja, chekundu,
na bibie akanyamaza,
nadhani naye alikuwa anaomba.

Jirani alikuwa amemlisha, amemlaza.
Nilichomeka waya kwanza, Mungu anisamehe,
ndipo nikaingia.
Jina langu lilishamtoka tangu Ramadhani.
Gizani mkono wake ulikuwa unapapasa shuka,
kushoto, kulia, ukitafuta mstari.
"Upo?"
Nikaugusa.
Baada ya kitambo, tena: "Upo?"
Sikuhesabu mara ngapi mpaka alfajiri.
Nje, ukutani, waya ulikuwa na joto.